Mama Alisema Asikimbizwe

Sijawahi kujua kukaa kitako. Kanisani kwetu Ndalu mama alinikalisha kati yake na dada yangu mkubwa ili wanishike pande zote mbili, na bado, kabla mahubiri hayajafika katikati, nilikuwa nje nafukuzana na mbuzi wa jirani. Kwa hiyo nilipopata pikipiki na kuanza kubeba abiria Kitale mjini, hakuna aliyeshangaa. Kilichomshangaza mama ni kwamba hata kuendesha nikiwa nimekaa kulinichosha.

Nilianza kwa kuinua gurudumu la mbele. Baadaye nikajifunza kusimama juu ya kiti, mikono nimeitanua, pikipiki inakwenda yenyewe. Steji nzima, pale tunaposubiri abiria, ilinipenda. Na huku kwetu iko kazi moja ambayo mtu wa namna hiyo hutafutwa, nayo ni msiba. Akifa mwendesha boda, au mzazi wake, wenzake humtoa mochari kwa msafara. Pikipiki thelathini, arobaini, matawi yamefungwa mbele, honi hazinyamazi, gari la maiti liko katikati linajitahidi kufuata. Mbele kabisa huenda mtu mmoja, na sheria ni kwamba hakuna anayeanza michezo mpaka huyo wa mbele ainuke kwenye kiti. Akiinuka, basi, kila mtu anafanya lake. Kwa miaka sita wa mbele alikuwa mimi.

Tulisema tunamheshimu marehemu, na sio uongo. Lakini mimi nikishasimama pale juu na kusikia injini zote zinaitikia nyuma yangu, marehemu nilikuwa nimemsahau kabisa. Nilipenda, na sitajifanya kwamba sikupenda.

Mama alichukia. Alikuwa mtu wa hatua fupi. Kutoka nyumbani hadi sokoni ni mwendo wa nusu saa, yeye alichukua saa nzima kwa sababu kila boma lilikuwa na mtu wa kusalimiwa. Siku moja msafara wetu ulimpita hapo sokoni akiwa na kikapu chake, akaona jeneza linavyorukaruka ndani ya gari. Jioni akaniita jikoni.

"Baba, mimi siku yangu msinikimbize."

"Mayi," nikamwambia, kama tunavyowaita mama zetu, "si uache mambo ya kufa."

"Nakwambia. Tangu niolewe sijakimbia kwenda mahali. Sasa ati nianze nikiwa nimelala?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, alikuwa anachambua maharagwe.

Ajali yangu ilitokea upande wa Bungoma. Tulikuwa tunampeleka mwenzetu kwao Myanga, mimi nimesimama juu ya kiti, macho yako mbali. Kando ya barabara ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye kigingi, anakula zile nyasi zisizo na mwenyewe. Honi zikamtisha, akavuka, na kamba yake ikakazwa kutoka upande huu wa barabara hadi ule. Niliiona vizuri sana. Mtu aliyekaa angeshika breki. Mimi breki zilikuwa huko chini, na mikono yangu ilikuwa hewani napungia watu.

Paja la kulia lilivunjika mara mbili. Hospitali waliuning'iniza mguu kwa kamba yenye uzito mwishoni, nikabaki hivyo wiki nyingi kabla hawajanitia chuma. Mtu asiyeweza kumaliza ibada moja akiwa amekaa, sasa amefungwa kwa kamba kama yule ng'ombe. Niliwatukana wauguzi, nikamtukana mgonjwa wa kitanda cha pili kwa sababu alikuwa analala vizuri. Mama alikuja kutoka Ndalu karibu kila siku na uji kwenye chupa ya chai, akaniosha, akanigeuza. Husemwa ng'ombe haelemewi na nunduye, lakini nundu hii ilikuwa na miaka thelathini na minne, na ilikuwa na matusi.

Wenzangu wa steji walikuja kunitia moyo. "Mkubwa, tulia, kuvunjika kwa koleo sio mwisho wa uhunzi," mwenyekiti wetu akaniambia.

"Uhunzi gani?" mama akamuuliza. "Si nyinyi kazi yenu ni kuangusha watu?"

Walipotoka aliniapisha. Nisisimame tena juu ya pikipiki, na siku yake ikifika, nihakikishe amepelekwa polepole. Niliapa yote mawili. Nilikuwa nimeogopa, na nilimpenda.

Nilirudi steji na fimbo, nikawa naziba pancha. Ilikuwa kazi ya kukaa. Vijana walipoondoka kwenda kumtoa mtu mochari, niliusikia msafara mpaka uzime kabisa, halafu nikampigia kelele mteja aliyekuwa mbele yangu bila kosa lolote. Mguu wa kushoto, ule mzima, ulikataa kustaafu. Kanisani, chini ya benchi, ulibadilisha gia mahubiri yote, mpaka mama akaubonyeza kwa kiatu chake. Baada ya mwaka na nusu daktari aliniruhusu kuendesha tena, taratibu, kwa sharti moja: paja likianza kuwaka, nisimame kando ya barabara, nishuke, ninyooshe mguu.

Mwaka jana mama alikufa. Aliugua siku nne tu hospitalini Kitale. Nililia mbele za watu na sikuona aibu.

Asubuhi ya kumtoa mochari niliwakuta wamefika. Pikipiki arobaini na kitu, matawi tayari, na moja imewekwa mbele peke yake.

"Mkubwa," mwenyekiti akasema, "wewe umetuzikia watu wetu wote. Leo ati upande gari ya maiti? Zii. Utatuongoza."

"Mama alikataa kukimbizwa."

"Hatukimbizi. Tunaenda mos mos, kama harusi. Wewe ndio mbele, bana. Usiposimama, nani atasimama?"

Dada yangu alikuwa anapanda gari na jeneza. Alinitazama. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nikapanda.

Na kweli tulikwenda polepole. Tulitoka Kitale kwa mwendo wa mama mwenyewe, watu wakatoka madukani kuangalia msiba gani huu unaotambaa. Niliona fahari. Nilijua angeupenda. Tulipofika Kiminini honi nyuma zilianza kukosa subira, na mimi pia. Gia ya pili, gia ya pili, gia ya pili. Kisha paja likaanza kuwaka.

Tuliacha lami. Barabara ya Ndalu ina mahali inaponyooka, mahindi huku na huku, unaona mpaka mwisho. Pale ndipo niliposimama juu ya vikanyagio kuunyoosha mguu.

Nyuma yangu injini zote arobaini zikaitikia. Wakanipita kushoto na kulia, magurudumu hewani, mmoja amelala chali juu ya kiti chake, vumbi likafunga njia, na dereva wa gari la maiti, akiogopa kuachwa, akakanyaga mafuta. Mama yangu alipita mbele yangu mbio. Kupitia dirishani nilimwona dada amelikumbatia jeneza kwa mikono yote miwili. Nilipunga mkono, nikapiga kelele waache. Nilipiga kelele, na moyoni nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu Myanga.

Baada ya mazishi dada alinijia nyuma ya jikoni. Kitambaa chake kilikuwa chekundu kwa vumbi. Hakunigombeza.

"Mguu uliuma?" akauliza.

"Uliuma."

Aliniangalia kidogo, akaniamini, akaenda kupakulia wageni.

Uliuma kweli. Lakini ulianza kuuma tukiwa bado kwenye lami. Nilipita mahali pengi pazuri pa kusimama kando na kushuka, nikavumilia, nikangoja mpaka barabara inyooke.