Deni la Salamu

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu Kabula, na naikumbuka vizuri kuliko jana. Niliingia dukani kwa Mzee Premji hapa Tabora, nikafungua pindo la khanga, nikamwekea mezani pesa ya mwisho niliyokuwa nadaiwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na kiburi cha mtu wa hamsini. Nikamwambia, "Leo nimemaliza. Sina deni na mtu."

"Ngoja basi nikukatie jina, Fundi," akasema, akapapasa kutafuta kalamu. "Na chai iko jikoni."

Sikungoja jina wala chai. Nilitoka kichwa juu, nikavuka barabara, na sikugeuka nyuma.

Nakuandikia haya kwa sababu ya ujumbe wako wa juzi kutoka huko Choma, upande wa Igunga. Umeniambia umemaliza mkopo wako wa simu, laini umeitupa, hutaki kuona mkopeshaji yeyote tena, na sasa huna deni na mtu. Nilicheka kwanza, maana nilikufundisha kushona na sikujua kama nilikufundisha na maneno yangu. Halafu kicheko kikaniishia. Nimekaa na hiyo cherehani uliyojifunzia, nyumba imenyamaza, nikaona afadhali nikuambie maneno hayo yalinifikisha wapi.

Unajua mimi ni mtoto wa Goweko, baba alilima tumbaku. Mbolea ya mkopo, dawa ya mkopo, hata kamba za kufungia majani za mkopo. Siku ya mauzo alikwenda akiwa amevaa shati lake la kanisani, akarudi na karatasi yenye makato, pesa kidogo sana, msimu mwingine hakuna kabisa. Alikuwa akikaa karibu na bani, lile banda la kukaushia tumbaku, na hakuna aliyethubutu kumsemesha mpaka giza liingie. Nikaapa nikiwa mdogo kwamba mimi sitadaiwa.

Nilipokuja mjini na cherehani yangu, kiapo kilinishinda haraka. Fundi wa sare za shule ananunua kitambaa kabla ya Januari, na mzazi analipa akishaona sare imemkaa mtoto. Katikati hapo utakula nini? Mzee Premji alinipa kitambaa, nikamlipa kidogo kidogo kila Jumamosi. Kila Jumamosi nilipewa kikombe cha chai yenye iliki, nikaulizwa habari za mama yangu kwa jina lake, na habari za mvua huko Goweko. Mimi nilikunywa ile chai kwa haraka. Niliona ananichelewesha.

Basi nilipomaliza deni, nilipotea. Nikienda sokoni nilipita mtaa wa nyuma ili nisipite mbele ya duka lake. Kwa nini? Nadhani nilihisi nikimwamkia tu, deni litanirukia tena. Nikawa nanunua kitambaa kwa pesa taslimu, kidogo, huku na huku, kwa watu ambao hawakuniuliza jina na mimi sikuwauliza lao.

Tena sikuishia dukani. Wanawake wa mtaani walicheza mchezo wa pesa, kila wiki wanampa mmoja. Nikawaambia anayepokea mwanzo anadaiwa na wote, mimi simo. Jirani akiniletea sahani ya viazi, nilikuwa namrudishia sahani saa hiyohiyo ikiwa na kitu ndani, viazi vyake bado vya moto kwangu, ili tuwe sawasawa. Unajua sahani ya jirani inavyokaa kwa mtu siku mbili tatu, na hiyo ndiyo sababu ya kuonana tena. Mimi sikuacha hata sahani ilale. Baada ya muda sahani zikaacha kuja, na nikajisifu kwamba nimepumzika.

Hata posa, mwanangu. Alikuja kijana mmoja fundi seremala, mtu wa adabu, akaleta nusu ya mahari na kuomba iliyobaki aimalizie taratibu, kama watu wote wanavyofanya. Nikamwambia arudi akiwa nayo yote. Hakurudi, na sikumlaumu. Leo namlaumu nani nikitaka mtu wa kunichotea maji?

Miaka saba nikaishi hivyo, bila deni hata la kiberiti.

Mama yangu alikuwa amebaki peke yake Goweko. Baba alikwishafariki, na macho ya mama yalianza kuingia ukungu. Nilitaka aje kwangu, awe karibu na hospitali pale Kitete, nimpeleke kwa miguu taratibu. Lakini nilikuwa na chumba kimoja, na humo cherehani, kitanda na jiko vilikuwa vinagombania nafasi. Mwenye nyumba alikuwa na chumba cha pili kitupu, mlango kwa mlango na changu. Kilichokosekana ni kodi yake.

Mwezi wa kumi mwaka ule akaja mwalimu mkuu wa shule moja. Alikuwa ameona mishono yangu kwa watoto wa watu. Alitaka sare za shule nzima, na akanipa wiki moja nimwonyeshe kwamba kitambaa ninacho. Sikulala kwa furaha. Jumapili nikapanda treni hadi Goweko, nikamwambia mama, "Kabla ya Krismasi utakuwa kwangu." Mama aliinuka, akaanza kupapasa ukutani akitafuta ungo wake ili aufunge.

Jumatatu nikaenda kwa Saidi, aliyekuwa akiuza vitambaa kwa jumla. Pesa niliyokuwa nayo isingetosha hata robo ya kazi. Nikamwomba anipe majora ya kitambaa, nimlipe shule ikilipa.

"Nani anakufahamu?" akaniuliza.

"Sina deni na mtu katika mji huu mzima," nikamjibu, tena kwa sauti, ili na wateja wake wasikie.

"Dada, sijakuuliza nani anakudai. Nimekuuliza nani anakufahamu."

Nikawapitia watu kichwani mmoja mmoja. Wale wa mchezo niliwakataa. Majirani niliwarudishia sahani zao. Likabaki jina moja tu, nikalitaja, na Saidi akasema, "Mzee Premji akinipa neno lake, majora chukua leo."

Nikaenda. Nilimkuta amezeeka, amevaa sweta katika joto lile la Oktoba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alinitazama muda. "Fundi wa Goweko. Mimi nilidhani umehama."

"Nipo, mzee. Nipo mtaa wa pili hapo."

"Mtaa wa pili," akarudia. Ningependa angenitukana.

Nikamweleza shida yangu. Akavuta daftari la zamani, akafungua ukurasa wangu, akanigeuzia. Jina langu lilikuwa limekatwa kwa mstari, na pembeni ameandika kwa mkono wake kwamba nimemaliza kabla ya siku. Alikuwa ameliandika siku ileile nilipompa mgongo.

"Pesa zangu ulirudisha zote," akasema. "Hapo huna kosa."

"Basi mwambie Saidi hivyo."

"Nitamwambia. Nitasema miaka saba iliyopita alikuwa mlipaji mzuri. Ataniuliza, na leo je? Nitamjibu nini? Sijui kama bado unashona. Sijui kama uliumwa, kama uliolewa, kama ulifilisika. Pesa sikudai, Fundi. Ninakudai salamu za miaka saba."

Nilikasirika. Nikamwambia salamu haishoni sare. Ndipo aliponivutia kiti na kunisimulia habari za babu yake, aliyefungua biashara hapa zamani za misafara. Babu yule alikuwa akiwapa watu vitambaa, wanakwenda navyo kwa miguu mpaka Ujiji, na mtu hurudi baada ya mwaka. Hakuna simu, hakuna barua. Nikamuuliza alijuaje kwamba mtu atarudi.

"Kwa salamu," akasema. "Kila msafara uliotoka huko ulipita dukani. Mtu mwema humtuma mwenzake: ukifika kwa fulani, mwambie nipo, nilikuwa na homa, sasa nimepona. Babu akipata salamu, analala. Mwingine alikuwa amekwishalipa, hadaiwi hata senti, na bado anatuma salamu. Huyo akirudi akitaka mzigo mkubwa, anapewa bila maneno. Yule aliyekaa kimya, hata kama alilipa vizuri, anaanza upya na mzigo mdogo. Siyo adhabu. Ni kwamba hatumjui tena."

Nililia mbele za watu, mwanangu, mimi niliyekuwa na kichwa juu. Akaagiza chai. Safari hii niliinywa yote. Akanipimia kitambaa cha sare thelathini na kusema, "Anza na hizi. Lipa, halafu usipotee."

Lakini sare thelathini si shule nzima. Wiki ya mwalimu mkuu ilikwisha, na kazi ikaenda kwa fundi mwingine, mtu ambaye watu walikuwa wakimfahamu. Sina kinyongo naye.

Nikarudi Goweko kwa treni kumwambia mama. Alikuwa amekwishawagawa kuku wake wawili. Mizigo yake ilikuwa imefungwa kwa kamba mlangoni, ungo juu. Nilipomaliza kusema, akasema, "Basi, mwakani. Mwakani si mbali." Akaanza kufungua kamba zile kwa vidole, maana macho hayakuona fundo. Nilitaka kumsaidia akakataa.

Mama alifariki katika masika yaliyofuata. Sisemi kwamba kitambaa ndicho kilichomuua; alikuwa na umri, na kifua kilimsumbua. Nasema tu kwamba ilikuwapo miezi ya kukaa naye, kumsikia akikohoa chumba cha pili, kuamkiana naye asubuhi kwa Kinyamwezi, mwangaluka, mwangaluka, na miezi hiyo niliipoteza mimi mwenyewe, kwa kupita mtaa wa nyuma.

Mwaka uliofuata ulipofikia msimu wa sare, Mzee Premji alinisemea neno zuri bila hata kuombwa. Saidi alinipa majora. Shule nikaipata, chumba cha pili nikakipanga, nikanunua na kitanda. Baadaye nikajenga nyumba hii unayoijua. Ulipokuwa mwanafunzi wangu uliwahi kuniuliza kwa nini kuna chumba kimetandikwa na hakilali mtu. Nilikujibu kwamba ni cha wageni. Nilikudanganya.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana sitaki ufikiri nakutuma ukakope. Kuishi bila deni ni raha, nami nimeishi hivyo mpaka uzeeni na sitabadilika. Usikope kwa ajili ya harusi wala kwa ajili ya kuonekana. Ila kutodaiwa ni jambo moja, na kufahamika ni jambo jingine, nami nilidhani ni kitu kimoja. Ukilipa, simama pale mpaka jina likatwe ukiona. Siku hizi jina haliko kwenye daftari la mzee mwenye chai, liko kwenye mashine za wakopeshaji, na mashine haitakutetea. Kwa hiyo omba karatasi ya kumaliza, uitunze. Ile laini uliyoitupa, ulihakikisha hakuna shilingi iliyobaki? Deni halimo ndani ya laini, limeandikwa kwenye namba ya kitambulisho chako, na hiyo huwezi kuitupa. Nenda kaulize taarifa zako za mikopo, uone wameandika nini juu yako, na kama wamekosea waambie warekebishe ukiwa huna shida, usingoje siku ya shida.

Halafu usipotee. Lipa kodi ya chumba siku yake. Weka akiba mahali pamoja, kidogo lakini kila mwezi, waone unakuja. Ukichukua kitambaa cha mali kauli, cha kulipa baadaye, kwa mwenye duka wako hapo Choma, chukua kile ambacho pesa yake tayari unayo nyumbani, umrudishie kabla hajakumbuka. Na siku ambazo humdai wala hakudai, pita tu, umwamkie. Ingia kwenye mchezo wa wanawake. Sahani ya jirani iache ilale.

Mzee Premji alifariki zamani, na duka lile sasa wanauza simu. Kila Jumamosi bado napita mbele yake, sijui namwamkia nani. Nikirudi nafungua dirisha la chumba cha pili kiingie hewa, nakung'uta shuka, nafunga. Katika mji huu hakuna anayenidai hata senti, na zipo wiki nzima ambazo hakuna anayebisha hodi.

Mungu akupe mikono isiyochoka na jina ambalo watu watalisemea mema wewe hupo. Akuepushe na madeni, na akuepushe zaidi na mtaa wa nyuma. Ada ya kujifunza kushona uliimaliza yote, mwanangu, nakumbuka, tena kabla ya siku. Pesa sikudai. Mabasi ya kutoka Igunga kuja Tabora ni mengi. Kitanda kimetandikwa.