Kiganja Kwenye Boneti Nyeusi

Nakumbuka asubuhi moja kule Mbweni, mwanangu, na kila nikiikumbuka huutazama mkono wangu wa kulia kama si wangu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa na baiskeli, ndoo mbili, na fulana kuukuu za pamba nilizozikata mishono ili zisikwaruze. Gari nyeusi ikitaka kung'arishwa kwa mkono, nilikuwa naitwa mimi, na kichwa kilikuwa kimenivimba kwelikweli. Leo nakusimulia kwa sababu kesho Salim anakuletea gari ile ile, na nimeiona mashine yako mpya ya kusugulia imekaa mlangoni, waya umeshaukunjua. Kaa kwanza.

Rangi nyeusi haifichi kitu, hilo unalijua. Huonyesha chumvi ya bahari, kinyesi cha kunguru, hata mizunguko ya kitambaa cha fundi mvivu. Ndiyo maana sisi wa zamani tukimaliza kuosha tulikuwa tukiipulizia pumzi, kama mtu anavyopulizia miwani yake. Rangi ikishika ukungu kidogo, alama zilizojificha hutoka. Ukungu ukikauka, nazo huzama. Nyinyi siku hizi mnamulika kwa taa ya simu, sawa, lakini taa haioni vyote.

Salim wakati huo alikuwa kijana mwenzangu. Alinikuta Darajani nanunua sabuni, akaniambia gari ya ami yake, aliyefariki karibu miezi minne nyuma, imekaa uani haijaguswa tangu siku ya msiba. Alitaka ing'are kama marehemu alivyokuwa akiiweka mwenyewe. Akanipa ufunguo wa geti na sharti moja: nifanye kazi yangu uani, nisipande juu, nisiite mtu. Sikumuuliza kwa nini. Nilivyojiambia mimi, nyumba ni tupu.

Ilikuwa nyumba ya zamani ya ghorofa moja, imezungukwa na ukuta na miti ya mikungu. Upande wa uani, juu, palikuwa na dirisha pana la vipande vya mbao, limefungwa, na gari imeegeshwa chini yake. Nikaiosha kwa maji mengi, nikaikausha, nikaisogelea boneti. Asubuhi ile hapakuwa na upepo wala kunguru, na mimi Mbweni sijapata kuiona bila kunguru. Nikainama, nikapuliza.

Ukatoka mkono. Mkono wa kulia wa mwanamume, mkubwa, vidole vitano vimetanuliwa kwa nguvu, kama mtu anayejizuia asianguke. Pumzi yangu ikakauka, mkono ukazama ndani ya weusi. Nikapuliza tena, ukarudi pale pale.

Nilicheka peke yangu, kicheko cha kujitia moyo. Nikachukua polishi yangu laini, ile yenye mafuta mengi, nikaanza kusugua. Rangi ikapata joto, na katika joto lile ikanijia harufu ya mafuta ya udi, yale wanayojipaka wanaume viganjani wakienda msikitini Ijumaa. Nikanusa kitambaa. Nikanusa kopo. Haikutoka huko. Na papo hapo, juu ya kichwa changu, nikasikia: ngo, ngo, ngo.

Nilitazama dirisha, limefungwa vile vile. Nilipoacha kusugua, pakawa kimya. Nilipoweka kitambaa juu ya alama, ikagongwa tena, ngo, ngo, ngo. Nikahamia mlangoni mwa gari, nikasugua mlango mzima, kimya. Nikarudi kwenye boneti, ngo, ngo, ngo. Nikakumbuka sharti la Salim la kutopanda juu, nikaona sasa nimeijua sababu yake. Nilipopuliza tena mkono haukutoka, nikakusanya vitu vyangu nikaondoka na fulana imenilowa mgongoni.

Kesho yake nilifika mapema, umande haujakauka. Boneti nzima ilikuwa imelowa matone, isipokuwa mahali pamoja. Pale palikuwa pakavu, na ukavu ule ulikuwa mkono. Safari hii sikuhitaji kupuliza. Ulikuwa unanisubiri, mwanangu, vidole vyote vitano. Leo nakueleza kwamba polishi ya mafuta haiondoi alama, inaijaza tu, na umande ukishuka alama hurudi. Siku ile hilo sikulifikiria hata kidogo. Nilifikiria jini tu.

Nikasugua, nikagongewa. Harufu ya udi ikapanda. Nikaanza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti, na kadiri nilivyosoma ndivyo kule juu kulivyozidi kugongwa, haraka haraka, mfululizo. Nikaogopa, na uoga wangu ukageuka ubishi. Usiku ule sikulala vizuri, nikawaza kwamba nikishindwa na boneti moja, mjini nitachekwa.

Siku ya tatu nikaja na dawa kali, ile ya kukata rangi. Nilianzia kiganjani. Nilisugua mpaka vidole vyangu vikaungua ndani ya kitambaa, nikala kiganja chote, nikala kidole gumba, nikala kidole cha mwisho. Udi ulinuka mpaka kooni. Juu paligongwa pigo moja zito, likatikisa vipande vya dirisha, kisha nikasikia kitu kinateremka taratibu ukutani, kwa ndani, mpaka chini. Baada ya hapo, kimya. Niligusa alama, kimya. Nilisugua, kimya. Kunyamaza kule kulinitisha kuliko kugonga kote. Sikuvimaliza vidole vitatu vya katikati. Nilivipaka ile polishi laini, nikaifunika boneti yote kwa nta, nikaifuta mpaka nikaona meno yangu ndani yake, nikapanda baiskeli.

Barazani jioni nilijisifu. Niliwaambia wenzangu nimelitoa jini kwenye gari ya watu Mbweni, wakanipigia makofi. Bado nayasikia makofi yale, na bado yananiudhi.

Siku mbili baadaye nikaitwa. Aliyenifungulia geti alikuwa mwanamke wa makamo, Bi Nuru, mwalimu wa skuli, ambaye asubuhi huwa kazini. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba bila kunitazama. Akanisimamisha mbele ya gari.

"Ulipokuwa ukifanya kazi hapa, hukusikia kugongewa?"

"Nilisikia, Bi Nuru."

"Ukafanya nini?"

"Nilisoma Ayatul Kursiy."

 Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini, na kila neno lilinipunguza kimo. Juu kulikuwa na dada yake, Bi Thuwaiba, mjane wa mwenye gari, yumo ndani ya eda. Miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, hajitii manukato, hasemi na mwanamume wa kando. Ndiyo maana Salim hakunitajia kwamba kuna mtu, maana mwanamke wa eda hatangazwi kwa fundi wa kupita. Na mumewe alifia pale nilipokuwa nimesimama. Alitoka kwenda kusali Ijumaa, ameshajipaka udi viganjani, kifua kikambana, akaegemea boneti iliyokuwa inawaka jua, akateleza chini, hakuinuka tena. Watu wakambeba yeye, gari wakaiacha. Jua likayapika yale mafuta yakaingia ndani ya rangi.

Siku za mwanzo za eda, Bi Thuwaiba alifungua upenyo wa dirisha alfajiri apate hewa. Akaona boneti imeshika umande, na katikati ya umande, mkono wa mumewe. Tangu hapo kila akimaliza kusali alikuwa anakwenda kuutazama. Hakumwambia mtu, hata dada yake, kwa kuona haya: mwenye eda anachungulia dirishani, watasema nini? Aliponiona mimi na kitambaa changu, hakuwa na njia ya kunikataza ila kugonga. Na siku nilipousugua kwa dawa kali, alikaa chini pale dirishani mpaka Bi Nuru aliporudi kutoka skuli, ndipo akamwambia yote.

Nimemsomea mjane wa watu Ayatul Kursiy kama namfukuza, mwanangu. Niliona aibu mpaka nikatamani ardhi inimeze.

Nikaomba nirudi siku atakayotoka eda, na Bi Nuru akakubali. Siku hiyo Bi Thuwaiba aliteremka polepole, ameshika ukuta, mwanamke mwembamba mwenye macho makubwa. Salim alikuwepo, ameinamisha kichwa, kwani kusudio lake lilikuwa kumfurahisha. Bi Thuwaiba akaizunguka gari, akasimama mbele ya boneti. Wala hakunigombeza.

"Umeing'arisha vizuri, baba," akaniambia. "Zamani nikiangalia hapa nkimwona yeye. Sasa najiona mwenyewe tu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonilea mimi, kuliko fundi yeyote aliyenifunza kazi. Nikamwomba ruhusa. Nikachukua sabuni ya vyombo na spiriti, nikaitoa nta yangu yote, nikayatoa na mafuta ya polishi yaliyoijaza rangi.  Nikainama, nikapuliza pale.

Vikatoka vidole vitatu vya katikati, vimetanuka vile vile. Chini yake, penye kiganja, pakawa peusi tu, panang'ara.

Bi Thuwaiba akaniashiria nisogee. Akaweka mkono wake juu ya vile vidole, na kiganja chake kikakaa kwenye ule utupu nilioufanya mimi. Hapo ikatujia sote harufu ya udi, na Bi Nuru akamgeukia dadake kwa sauti ya lawama, akamuuliza kama ameshajitia mafuta. Bi Thuwaiba akatikisa kichwa. Tangu siku ya msiba, alisema, hajagusa hata tone. Salim alirudi nyuma hatua mbili.

Gari ile haikuuzwa. Kila mwaka niliipaka nta kwa mkono, boneti yote isipokuwa shibiri moja mraba, ambayo nilikuwa nikiiosha kwa maji tu na kuikausha kwa kugusa. Bi Thuwaiba, kila Ijumaa, alikuwa akiteremka na kuweka mkono wake pale. Alifanya hivyo mpaka alipofariki, Mungu amrehemu, mwaka huu huu, na wewe ulikwenda maziko yake.

Wiki iliyopita nilikwenda kuiangalia. Magoti yangu hayaniruhusu tena kuinama, lakini niliinama. Nikapuliza. Vidole vitatu virefu vya mwanamume vikatoka, na chini yake, pale nilipopasugua mpaka pakawa tupu, kikatoka kiganja. Kidogo, chembamba, cha mwanamke. Vimeungana kama mkono mmoja. Najua ni mafuta ya udi na jua, naweza kukueleza namna yalivyoingia kwenye rangi mwaka hadi mwaka. Hata hivyo nilimsalimia Bi Thuwaiba kabla ya kuondoka.

Basi nisikilize. Kesho mashine yako iache ndani. Gari nyeusi nyingine uisugue utakavyo, lakini ile uiguse kwa mkono, na ile shibiri moja usiiguse kabisa. Na popote utakapofanya kazi, ukikuta alama, muulize mwenye nyumba kabla hujaiita uchafu. Ukigongewa, acha ulichoshika, simama, subiri ujue nani anagonga na anataka nini. Usijipe jibu kwa sababu una haraka au kwa sababu unaogopa. Mimi nilijipa jibu, nikamwita jini mtu aliyekuwa akiniomba.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe utulivu wa kusikia anayekuomba bila sauti, na siku utakapokosea, maana utakosea, akubakishie japo vidole vitatu. Amin.