Koti Langu Katika Foleni ya Githeri

Mimi sikusoma, lakini mwizi namjua kwa macho. Ndivyo nilivyoamini hadi Jumamosi iliyopita, na hasira haijanitoka.

Kanisa letu la Riruta hupika githeri, mahindi na maharagwe, na kuwapelekea watu wanaolala nje kule Ngara. Mimi nilipewa kazi ya kulinda foleni. Baridi ilikuwa kali. Nikaona mzee mmoja amevaa koti langu la sufu, lile ambalo fundi wa Dagoretti Corner alilitia kiraka cha kahawia kwenye kiwiko. Nikamkamata kola.

"Vua koti yangu, mwizi wewe!"

"Mzee, nilipewa hapa hapa wiki jana," akasema, akiinua sahani yake isimwagike.

"Koti ya mtu mwenye ploti tatu, upewe wewe? Na nani?"

Nikaanza kumvua kwa nguvu, mkono mmoja ukatoka. Watu wakapiga kelele. Ndipo mke wangu akaacha sufuria, akaja na mwiko wake.

"Mwache, Baba Wambui! Ni mimi nilimpa. Si ulisimama kanisani ukasema umetoa nguo zako zote nzuri? Na hukuwa umetoa hata soksi! Nilikuwa nakufunikia aibu."

Si angeniuliza kwanza? Koti ni langu, na aibu pia ni yangu!

Kasisi alikuwa nyuma yangu, amebeba mikate, amesikia yote. Yule mzee akarudisha mkono kwenye koti, akafunga vifungo polepole, kisha akaniuliza mbele ya foleni nzima:

"Na hizo soksi, mzee, utaleta lini?"