Mwende Amefunika TV Mbele ya Babu Yake

Poleni marafiki, mmenitafuta tangu saa nane na sijajibu. Bado nashangaa.

Baba mkwe amekuja kutoka Kathonzweni. Nikamwashia TV, nikaenda kuchemsha chai. Narudi na birika, nakuta mwanamume na mwanamke wanavuana nguo kwa skrini.

Mbele ya baba mkwe! Wakamba wenzangu mnajua hiyo nthoni, ile heshima ya aibu kwa mkwe, hata macho yetu huwa hayakutani. Mzee anaangalia dari. Mimi nimeganda.

Mwende wangu, miaka mitano, akainuka polepole. Akavuta kile kitambaa cha kufuma kilicho juu ya TV, akafunika skrini yote.

"Ngoja kidogo, babu. Wakivaa nitafunua."

Mzee akacheka mpaka fimbo ikaanguka. "Huyu mtoto umemlea!"

Jameni, sijawahi kumfundisha hivyo! Nikamuuliza nani alimwonyesha.

"Hakuna, mama. Hata ukienda sokoni mimi hufunika."

Peke yake. Mtoto wa miaka mitano.

Basi kuanzia leo hiyo kazi ni yangu. Anayejua vile dekoda inafungwa kwa namba ya siri anitumie, polepole, hatua kwa hatua. Na vipindi vya watoto, Kiswahili ama Kikamba. Nitumieni leo, kesho ni siku ya soko.