Mlango wa Nkambo

Kijana anayetaka kuinunua nyumba ya baba yangu alikuja na utepe wa kupimia, akaanza kuipima kila upande kama fundi anayetaka kuishonea suruali. Sebule akaandika, jikoni akaandika, hata ukumbi mwembamba wa katikati akauandika. Mimi nilikuwa nimekaa uani juu ya beseni lililopinduliwa. Nilikuwa nimetoka Lubumbashi asubuhi kwa basi, magoti yananiuma, na sikuwa na hamu ya kumchangamkia mtu. Ndugu zangu wamekwisha kukubaliana: nyumba iuzwe, paa linavuja, na hakuna anayetaka kurudi kuishi Likasi. Wakanituma mimi, eti mimi ndiye mwenye moyo mgumu.

Akafika kwenye chumba cha pembeni, kile kinachotazama barabara. Akakizunguka mara mbili.

"Hii chumba njo ya nini, mama?" akaniuliza. "Haina hata mulango ya kuingia mu nyumba. Nitaivunja, niweke gari."

Nikamwambia arudi kesho, ufunguo wa pale nimeusahau. Uongo mtupu, rafiki yangu. Ufunguo ulikuwa ndani ya mkoba wangu, na nilikuwa nimeushika wakati ninasema.

Ngoja nikueleze, maana wewe hukutuona tulivyoishi.

Sisi tulizaliwa kambini, upande wa Panda, hapa hapa Likasi, katika nyumba za Kampuni ya migodi. Miaka ile nchi ilikuwa inaitwa Zaire, na Kampuni ndiyo iliyokuwa baba na mama wa mji. Ilitupa nyumba, unga wa posho, shule, na king'ora cha kutuamsha. Nyumba zilipangwa mistari mirefu, zote sura moja, chokaa nyeupe juu, rangi ya kahawia chini, namba mlangoni. Mtoto mdogo aliweza kupotea akaingia kwa jirani, akakaa mezani, akala bukari yake, ugali wetu wa huku, mpaka akashiba, na hakuna aliyemuuliza wewe ni wa nani.

Lakini usidhani mistari ile ilifanana kwa tabia. Mstari wa nyuma yetu ulijulikana kwa munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, na harufu yake chachu ilikuwa inafika kwetu kabla ya jua. Mstari wetu sisi ulijulikana kwa redio. Jirani yetu, karani ambaye wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, aliweka redio yake dirishani ikitazama nje, ili mstari mzima usikilize. Yeye mwenyewe alizungumza Kiluba nyumbani, Kiswahili na sisi, na Kifaransa na kuku wake. Mwezi wa kumi, mijakaranda ilipomwaga maua, njia yote ilikuwa ya zambarau, na kuku wa karani walitembea juu yake wakifokewa kwa Kifaransa safi.

Ndani ya nyumba yetu mlikuwa na vyumba viwili na sebule, na sisi tulikuwa watu tisa. Mama aliipanga nyumba ile kwa akili ambayo sijaiona tena kwa mtu. Kila mguu wa kitanda ulisimama juu ya matofali manne, na chini yake yaliishi masanduku, sufuria kubwa, na gunia la makala ya kuwashia moto. Viti vilitundikwa ukutani kwa misumari. Baiskeli ya baba ilining'inia juu darini, na matone ya mafuta yake yalichora alama sakafuni ambayo sisi watoto tuliiita ziwa. Pipa la unga lilikaa nyuma ya mlango, kwa hiyo mlango wetu haukuwahi kufunguka wote. Wageni wanene waliingia kwa ubavu.

Na Nkambo alikunjwa. Nkambo ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu. Huyu alikuwa mama wa baba, aliyeletwa kambini baada ya kufiwa na mumewe kijijini, kando ya mto Lufira, upande wa Mwadingusha. Alilala sebuleni juu ya mkeka, na mimi ubavuni pake. King'ora cha saa kumi na mbili kikilia, mkeka unakunjwa, unasukumwa nyuma ya kabati, na mto wake wa kulalia unawekwa juu ya kabati. Basi, alama yake yote imekwisha mpaka jioni. Mchana alikaa popote penye nafasi, na mwenye haraka akipita alimwambia asogee kidogo. Wala hatukuwa na ubaya. Tulikuwa tumezoea tu.

Yeye hakulalamika, ila alikuwa na hadithi moja aliyoirudia. Kijijini alikuwa na nyumba ya matete na udongo, na mlango wa matete aliousuka mwenyewe. Watu walisimama nje wakapiga hodi, naye akiwa ndani akaamua. Hapo ndipo alipokuwa anatabasamu, kwenye lile neno la kuamua. Sisi tulicheka, tukadhani ni maneno ya uzee.

Sasa, nyumba za Kampuni zilikuwa za Kampuni. Baba akistaafu, ufunguo unarudi ofisini. Sisi wote tulilijua hilo, hata mdogo wetu wa mwisho. Kwa hiyo baba alipopata kiwanja huku Kikula, nje ya kambi, tulijua ni mashindano: nyumba isimame kabla barua ya kustaafu haijafika. Kiwanja kilikuwa nyasi tupu na kichuguu kimoja chekundu kilichomzidi baba urefu.

Jumapili ya kwanza baada ya kanisa tulikwenda wote. Baba alikata vijiti, akavipigilia, akafunga kamba za magunia kutoka kijiti hadi kijiti, na pale pale, katikati ya nyasi, tukawa na nyumba. Mama akatandika kitambaa katika sebule ya kamba, akapakua bukari, sombe ya majani ya muhogo, na samaki tomsoni wa kukaanga. Jua lilikuwa laini, nyasi zilikuwa zinafika kiunoni, na upepo ulipita kuta zetu zote bila kubisha. Sikumbuki Jumapili nyingine nzuri kama ile. Mama aliweka sheria moja: hakuna kuruka ukuta. Ukitaka kwenda kukojoa, pita mlangoni. Nasi tulipita mlangoni kwa adabu, tukifungua hewa na kuifunga.

Karani alikuja kutazama. Alizunguka, akapima kwa hatua zake, akaanza kucheka mpaka miwani ikateleza.

"Batu ya kambi," akasema. "Hata bakiwapatia pori muzima, mutajenga kabati."

Kweli. Baba alikuwa na kiwanja ambacho kambini kingebeba familia nne, naye alikuwa amechora nyumba ile ile ya Kampuni, vyumba viwili na sebule, hatua kwa hatua. Hata mahali pa pipa la unga nyuma ya mlango mama alikuwa amekwisha kupaonyesha. Hatukujua kwamba nyumba inaweza kuwa namna nyingine. Baba akacheka pia, akaongeza chumba cha tatu cha wavulana, akaridhika.

Halafu tukaanza kugawana. Hapa baba na mama, hapa wasichana, pale wavulana. Kila mmoja akaingia chumbani mwake akakaa chini kukijaribu. Nkambo alikuwa amesimama na kigoda chake mkononi, nje ya kamba zote.

"Na minye," akauliza, "fasi yangu iko wapi?"

Baba hakuinua hata kichwa, alikuwa anakaza fundo. "Mama, fasi yenu iko mu salon, sawa vile siku yote."

Nkambo hakupandisha sauti.

"Minye niko muntu. Siko mukeka."

Kisha akainua mguu, akaruka ukuta wa sebule, akaingia. Akaruka ukuta wa pili, akatoka. Akaenda kukaa chini ya kichuguu akitugeuzia mgongo. Mama alifungua mdomo kwa sababu ya ile sheria yake, akaufunga. Mimi niliona aibu, maana ni mimi niliyekuwa naukunja ule mkeka kila asubuhi, na mto nilikuwa nautupa juu ya kabati kama tambara.

Jumapili iliyofuata baba alifika kiwanjani mbele yetu sote, na tulipotokea alikuwa anapigilia vijiti vinne vipya pembeni, upande wa barabara. Kamba ikamwishia kabla ya ukuta wa nne. Mama akafungua fundo la kikwembe, kitenge chake cha zamani alichofungia chakula, akachana utepe mrefu, akampa. Ukuta wa mwisho wa chumba cha Nkambo ulikuwa wa maua ya njano.

Nkambo akaja kukagua. Alitaka mlango utazame barabara. Baba akauliza kama afungue na mlango wa ndani, wa kuingilia sebuleni. Hapana, hakutaka. Ukiwepo mlango wa ndani, alisema, nitaitwa kukoroga sufuria. Baba akacheka, na hapo ndipo nilipojua wamepatana.

Tulipiga matofali msimu wote wa kiangazi, kwa udongo wa kile kichuguu. Jumamosi watu wote walikwenda salongo, kazi ya lazima ya serikali, kufyeka majani na kufagia barabara. Tukirudi tulikanyaga udongo wetu mpaka jioni. Baba alikuwa ameamua, na hakumweleza mtu sababu: chumba cha kwanza kusimama kitakuwa kile cha pembeni. Kikapata kuta, kikapata mabati, kikapata mlango wa mbao wenye kitasa. Nkambo akahamia peke yake, na kitanda chake kwenye matofali manne kila mguu, kwa heshima ya mama. Umeme haukufika Kikula yetu. Nkambo aliudhika kwa hilo. Umeme unatoka kwetu Mwadingusha, kwenye bwawa, alisema, unapita juu ya kichwa changu bila kunisalimia.

Barua ilikuja kabla kuta nyingine hazijafika kiunoni. Mama alifagia nyumba ya Kampuni mara ya mwisho, akafuta na lile ziwa la mafuta kwa sabuni, ingawa halikutoka. Baba akapeleka ufunguo ofisini. Tukapakia masanduku, viti, pipa na baiskeli kwenye mkokoteni, tukashuka barabara mchana kweupe, mawingu ya mvua ya kwanza yakitufuata kutoka upande wa viwanda. Karani alitusindikiza na redio yake begani mpaka mwisho wa mstari.

Tukafika. Kulikuwa na chumba kimoja chenye paa, nacho kilikuwa na mwenyewe. Baba alikijenga kwa mikono yake, tofali kwa tofali, lakini mkono wake ulifika kwenye kitasa ukasimama. Akavua kofia.

"Hodi."

"Nani iko?"

"Ni minye, mama. Na batoto."

Tulisikia ufagio ukipita sakafuni, taratibu, kona moja, kona ya pili. Matone yakaanza kugonga pipa. Mama, ambaye tangu asubuhi alikuwa na uso wa msiba, akaanza kucheka kimyakimya mpaka machozi yakamtoka. Halafu kitasa kikageuka, na Nkambo akasimama mlangoni amefunga kilemba kipya.

"Karibuni," akasema. "Muntu asiingie na matope."

Tuliishi humo watu tisa mpaka mvua zikaisha. Na kila asubuhi, rafiki yangu, mikeka minane ilikunjwa. Wetu. Kitanda cha Nkambo kilibaki kimetandikwa katikati ya chumba siku nzima, na sisi tulikizunguka kwa ubavu. Aliyetoka, hata kama amekwenda kuchota maji tu, hakurudi ndani bila hodi. Hata baba. Naye Nkambo kila mara alingoja kidogo kabla ya kuitika, kama mtu anayeonja chumvi. Ile miezi ya kubanana nadhani ndiyo iliyokuwa miaka yake ya furaha, kama miezi inaweza kuwa miaka.

Nyumba ikamalizika polepole, tukahamia vyumba vyetu, na chumba cha pembeni kikabaki chake mpaka alipofariki, mlango umefungwa kwa ndani. King'ora nacho kikanyamaza, sijui lini hasa. Siku moja tu nilijishtukia nimeamka nimechelewa. Nyumba za kambini ziliuzwa kwa waliokuwa wanakaa ndani, kila mmoja akapaka rangi yake, na sasa mtoto hawezi kupotea akala kwa jirani. Redio ya dirishani haipo. Kichuguu hakipo, maana tulikijenga chote.

Kijana alirudi kesho yake, kama nilivyomwambia. Safari hii alikuja na mama yake, kizee mwembamba aliyeshika mfuko wa plastiki wenye nguo, akasimama kando ya lango akingoja aambiwe akae wapi. Nilimtazama yule mama kwa muda mrefu. Kisha nikafungua fundo la kikwembe changu nikatoa ufunguo, lakini sikumpa mwanawe. Nikampa yeye.

"Hii chumba haivunjwe," nikamwambia kijana. "Nyumba nakuuzia. Hii iko yake."

Kijana alimtazama mama yake, akatazama kuta, akauzungusha utepe wake na kuutia mfukoni. Yule mama alifungua mlango mwenyewe, akaingia, akaufunga. Tulimsikia akiburuta kitu ndani, pengine kile kigoda cha zamani.

Baada ya kitambo nikakumbuka kwamba mkoba wangu niliuegesha humo asubuhi, nilipofungua madirisha. Nikanyoosha mkono kwenye kitasa kama mwenye nyumba. Nikaurudisha.

"Hodi," nikasema.

Akangoja kidogo kabla ya kuitika.