Mwalimu Mwanaamina na gari dogo lililotupa mkia

Saa tatu asubuhi, Jumapili, uwanja wa saruji mbele ya ghala moja la korosho nje kidogo ya mji wa Mtwara umelowa chapachapa, ingawa jua linawaka na mvua haijanyesha kwa wiki kadhaa. Maji yamemwagwa kwa ndoo. Makopo matupu ya rangi yamepangwa kuchora kona moja pana.

Mwanaamina Asadi anafunga mkanda, anahakikisha abiria wake naye amefunga, kisha anaondoa gari. Ni gari dogo jekundu la milango mitatu, lenye injini ya turbo, linalovutwa na matairi ya mbele. Ukilikuta limeegeshwa sokoni utadhani ni la kwenda kununulia nyanya. Likikanyagwa mafuta, mgongo wa abiria unagandamana na kiti.

"Gusa usukani hapa," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Usiushike, gusa tu. Umesikia? Unavuta kushoto."

Kwa nini unavuta?

Anacheka. "Swali hilo nililala nalo na kuamka nalo."

Mwanaamina, mwenye umri wa miaka 38 na mkazi wa Rahaleo, ni mwalimu katika shule ndogo ya udereva huko Magomeni. Hulipwa kulingana na idadi ya wanafunzi. Mwezi mzuri hupata karibu shilingi laki sita, mwezi mbaya nusu yake. Siku nzima hukaa kiti cha abiria, mguu ukiwa tayari juu ya breki ya mwalimu, akisema polepole, polepole.

"Nikitoka kazini nilitaka gari ambalo ukiligusa linaitika," anasema.

Alilipata kwa Akbar, mfanyabiashara wa korosho wa Mikindani. Mwanawe, Naveed, alihamia Dar es Salaam na kuliacha uani. Lilikuwa limefunikwa turubai, kuku wakilala chini yake.

Mwaka jana, katikati ya Ramadhani, Mwanaamina alimchukua mumewe, Yassini, ambaye ni fundi cherehani, wakaenda Mikindani kununua vitambaa vya kanzu. Sikukuu ilikuwa karibu na wateja walikuwa wengi. Wakati wa kurudi, mvua ndogo ilikuwa imeanza. Kwenye kona ya kilima wanapopanda kuuacha mji wa Mikindani, gari likawashinda.

"Nilikanyaga mafuta katikati ya kona," anasimulia. "Usukani ukawa mwepesi ghafla, kama umekatika. Gari likaenda moja kwa moja badala ya kupinda. Nikashtuka, nikaachia mafuta yote kwa mpigo. Hapo ndipo mkia ulipotupwa nje."

Gari lilizunguka na kuishia kwenye shamba la mihogo, pua ikitazama lilikotoka. Mwanaamina hakupata hata mchubuko. Yassini alikuwa amekinga dashibodi kwa mkono wa kulia. Kifundo cha mkono kilivunjika.

Kilichofuata ndicho anachokisimulia akiwa ametazama pembeni. Mkono wa fundi ukiwa kwenye plasta, kanzu hazishoneki. Wateja walianza kuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijakatwa, na Mwanaamina ndiye aliyekaa mlangoni kuvirudisha.

"Wengine walisema pole. Wengine walichukua wakaondoka bila neno. Mume wangu alikuwa chumbani, anasikia kila sauti."

Baada ya Idi, Yassini alimwita. "Mama Abdallah," akasema, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "gari lile liuze."

"Nitaliuza," Mwanaamina akamjibu. "Ila sitaliuza kabla sijajua lilifanya nini. Atakayelinunua naye ana watu wake."

Yassini alimpa muda hadi msimu wa korosho utakapoanza.

Maelezo ya mtaani hayakukosekana. Wapo waliosema lami ilikuwa na oili, na wapo waliosema ni kasi tu. Mmoja alisema ni jicho la watu. Mwanaamina hakumbishia mtu. Alikwenda kwa Hashimu, fundi wa matairi wa Magomeni ambaye alikuwa amelifungia gari hilo matairi mawili mapya mbele, wiki chache kabla ya ajali.

"Gari la aina hii, mbele ndiko kwenye kazi yote," anasema Hashimu. "Mbele ndiko kunakovuta, ndiko kunakopinda, na breki nyingi iko huko. Ukiwa na matairi mawili mazuri unayaweka mbele. Hapa mjini kila mtu hufanya hivyo."

Mwanaamina alimuuliza swali ambalo Hashimu anasema hakuwahi kuulizwa: "Kama ya mbele ni mazuri, mbona ndiyo yaliyoteleza kwanza? Na kama ya nyuma hayana kazi, mbona ndiyo yaliyotutoa barabarani?"

Wakaamua kulitafuta jibu wenyewe.

Mwanaamina alikwenda kwa Akbar kuomba uwanja wa ghala, ambao hukaa mtupu nje ya msimu.

"Binti, unataka kuligonga tena?" Akbar akamuuliza.

"Nataka liteleze mahali ambapo hakuna mtu wa kuumia."

Mzee akafungua droo na kumpa ufunguo wa geti.

Jumapili ya kwanza wakamwaga maji na kupanga makopo. Mwanaamina aliingia kwenye kona kwa mwendo wa kawaida, akakanyaga mafuta. Pua ikakataa kupinda, vilevile kama Mikindani. Akarudia akikanyaga kidogo kidogo, na gari likapinda kwa utii.

Hapo akaelewa jambo la kwanza. Tairi la mbele lina nguvu moja tu ya kushika barabara. Likiitumia yote kuvuta gari, halibakiwi na ya kupindia.

Siku hiyohiyo Hashimu aliingia uvunguni na kumwonyesha shafti mbili zinazopeleka nguvu kwenye matairi ya mbele. Moja ni fupi, nyingine ndefu. Kwa maoni yake, ndiyo sababu usukani huvutwa upande mmoja injini inapochangamka. "Hiyo siwezi kuitibu," akamwambia. "Izoee mkononi."

Lakini mkia ulibaki kitendawili. Kila alipoachia mafuta ghafla kwenye kona, gari lilizunguka kama pia na kuangusha makopo. Wiki zikapita hivyo. Wafanyabiashara wa korosho wakaanza kuulizia magunia; msimu ulikuwa unakaribia.

Jumapili moja alasiri geti lilifunguliwa, akaingia Yassini. Plasta ilikuwa imeshatolewa. Alisimama mbali, mikono nyuma.

"Mnamaliza maji ya watu tu," alisema.

Mwanaamina akaendelea. Gari likazunguka tena na kusimama. Yassini akasogea, akachuchumaa nyuma ya gari, akalitazama tairi la nyuma.

"Hili linagusa chini wapi?" akauliza.

"Lote," akajibu Hashimu.

"Nguo nikitaka kujua inabana wapi, natia alama ya chaki. Hebu twende pale pakavu."

Akatoa chaki ya ushonaji mfukoni, akachora mistari mipana kukatisha uso wa matairi yote manne. Mwanaamina akalisogeza gari mbele kidogo, akasimama. Mbele, chaki ilikuwa imefutika karibu yote. Nyuma ilikuwa imefutika katikati tu, ukanda mwembamba, na pembeni ilibaki kama ilivyochorwa.

Hashimu akashika kichwa. Matairi ya nyuma yalikuwa ya zamani na yalivuja kidogo, kwa hiyo kila gari lilipopita kwake alikuwa akiyajaza upepo kupita kiasi ili yadumu. Yakavimba, na katikati yakawa vipara. Dereva anapoachia mafuta ghafla, uzito wa gari huinamia mbele na nyuma hubaki kwepesi. Nyuma kukiwa kwepesi, ukanda ule mwembamba uliolowa haukuwa na cha kushika.

Walipunguza upepo, wakahamisha matairi: mapya nyuma, ya zamani mbele. Mwanaamina akaingia kwenye kona kwa mwendo uleule, akakanyaga. Pua ilikwenda nje zaidi ya mwanzo. Akaachia mafuta yote kwa mpigo. Gari likainama, pua ikarudi ndani yenyewe, na mkia ukafuata bila kelele.

Yassini alikuja dirishani. "Kwa hiyo siku ile tusingetoka barabarani?"

"Sijui," Mwanaamina akamjibu. "Labda tungetoka kidogo. Labda tusingetoka. Sitaki kukudanganya."

Yassini akafungua mlango wa upande wa pili, akakaa, akafunga mkanda kwa mkono wa kushoto. "Rudia," akasema. "Nikiwa ndani."

Alirudia. Hashimu anasema Yassini aliposhuka aliokota ndoo, akaenda kuchota maji.

Gari halikuuzwa. Sasa lina matairi manne mazuri, na upepo hupimwa kila wiki. Kifundo cha Yassini hakijarudi kama zamani. Akishona muda mrefu vidole hufa ganzi, hivyo siku hizi yeye hukata na binti mmoja aliyemwajiri hushona. "Nimekubali," anasema kwa ufupi akiwa kibarazani kwake, mkasi mkononi.

Mmiliki wa shule ya udereva, Dickson, mwanzoni hakutaka kusikia habari za uwanjani. "Nilimwambia, mwalimu, wazazi wanatulipa tuwafundishe watoto kuendesha, si kuteleza," anasema. Siku moja Mwanaamina alimkalisha kwenye usukani uwanjani na kumwomba aachie mafuta ghafla kwenye kona. Wiki iliyofuata Dickson alimruhusu kuleta wanafunzi kabla ya mtihani wa leseni, kwa magari ya shule, kwa mwendo mdogo.

Tatizo ni kwamba korosho zikianza kuingia, geti la Akbar litafungwa. Na wanafunzi wake wengi hawataendesha kwenye saruji. Wanatoka vijiji vya upande wa Mto Ruvuma, ambako njia ni za udongo. Ndiyo maana Mwanaamina na Yassini wameanza kuzungumza na mwenye kiwanja kimoja kando ya njia ya Mahurunga, kipana, kisicho na miti, chenye mchanga upande mmoja na udongo wa mfinyanzi upande mwingine.

Anataka kukimwagia maji na kupanga makopo upya kabla ya masika, ili wanafunzi wajue kuteleza kabla hawajateleza njiani. Gari jekundu litatangulia, yeye mwenyewe akiwa kwenye usukani.

Anadhani litafanya nini kwenye mfinyanzi?

"Hata sikisii," anasema, akifuta matope ya viatu vyake kwenye ukingo wa uwanja. "Nimemwambia Baba Abdallah aje na ndoo."