Jiko la Uji na Lori la Kigongo

Siku ya kwanza nilipoingia ofisini kama Katibu Mtendaji wa umoja wetu, nilikuta kiti kimoja na watu wengi wamesimama. Ofisi yenyewe ilikuwa stoo nyuma ya duka la vitambaa la Bwana Karsan, karibu na soko la Mwanza. Umoja ulianzishwa na Wakristo, Waislamu na Wahindu wa mjini ili kuwasaidia maskini bila kumuuliza mtu anasali wapi. Padre aliyenitangulia alikuwa amehamishwa, na kamati ikanichagua mimi, mwalimu, Mhaya wa Kilutheri, bado msichana machoni pa wengi wao.

Mwenyekiti wetu, Sheikh Idrisa, alinipokea kwa maneno machache.

"Hicho kiti usikizoee, Mwalimu," alisema. "Kazi yako iko huko juu kwenye mawe."

Alimaanisha kutembelea kaya. Kabla ya kumpa mtu msaada, katibu alipaswa kufika nyumbani kwake, aone anapolala na anachopika. Nilipanda vilima vya Mwanza mpaka soli za viatu zikaisha. Na kila asubuhi tuliendesha jiko la uji wa mtama uani kwa Bwana Karsan. Watu walikunywa, wakaondoka, kesho yake wakarudi walewale. Hilo halikunipa raha. Nilikuwa nikijiuliza kama tunaupunguza umaskini au tunaunywesha uji tu.

Miaka ile serikali ilikuwa ikihimiza watu wahamie vijiji vya ujamaa, na mara kwa mara wasio na kazi mjini walikusanywa wakapelekwa kulima. Asubuhi moja nilifika uani nikakuta sufuria imejaa na foleni hakuna. Mpishi alikuwa ameketi chini, mwiko mkononi.

"Wamechukuliwa, Mama," aliniambia. "Lori limeelekea Kigongo."

Kigongo ndipo magari yalipopanda kivuko kwenda Busisi. Wakishavuka, kuwapata ingekuwa kazi nyingine. Nilikimbia dukani kwa Bwana Karsan. Aliogopa, na alikuwa na sababu. Wafanyabiashara wa asili yake walikuwa wakiitwa wanyonyaji hadharani.

"Mimi siwezi kuonekana nikibishana na serikali," alisema. Akaingia ndani, akarudi na ufunguo wa pikapu. "Lakini gari halina kabila."

Nilimpitia Sheikh Idrisa, nikaendesha mwenyewe. Tulipita Buhongwa kwa mwendo ambao Sheikh hakuupenda, mkono mmoja ameshika kofia. Kigongo tulikuta foleni ndefu ya magari, na lori letu lilikuwa bado upande huu. Humo ndani walikaa wazee wetu, akiwemo Mzee Petro wa Ukerewe, mvuvi aliyepofuka, na mjane mmoja wa Kisukuma aitwaye Kabula, ambaye kila asubuhi ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye uji.

Afisa aliyesimamia msafara alikuwa mtu mpole.

"Ndugu Katibu, hawa wanakwenda kujitegemea. Mjini hawana kazi."

"Wanayo," nilimjibu. "Wanasuka nyavu kwetu."

Sheikh aligeuka akanitazama. Kazi hiyo ilikuwa imezaliwa palepale mdomoni mwangu.

"Hata huyu kipofu?"

Mzee Petro alijibu mwenyewe kutoka juu ya lori. "Wavu nasuka kwa vidole, Ndugu. Macho nilikuwa nikiyatumia kutafutia samaki."

Afisa alicheka, kisha akawa mzito tena. "Washuke wenye kazi. Lakini nitakuja kuziona hizo nyavu."

Walishuka mmoja mmoja. Kabula hakusogea. Nilidhani hakusikia, nikamnyooshea mkono.

"Mimi naenda," alisema. "Nimechoka kupanga foleni na bakuli. Huko wanatoa shamba."

"Humjui mtu yeyote huko, Kabula."

"Na hapa namjua nani? Wewe unanijua kwa uji tu."

Kivuko kilipoondoka nilibaki nimesimama mpaka Sheikh akaniita garini.

Bwana Karsan alitutafutia uzi, Mzee Petro akawafundisha wenzake, na afisa alipokuja kweli alikuta uani watu wameinama kazini. Alivuta wavu kwa mikono miwili kuupima, akauliza kama shemeji yake anaweza kupata mmoja.

Mavuno yaliyofuata nilivuka kwenda kumwona Kabula. Njaa ilikuwa imempiga mwanzoni, na nyumba yake ilikuwa haijaezekwa upande mmoja.

"Umekuja kunirudisha?"

"Nimekuja kukutembelea."

"Basi karibu. Uji sina, kuna mihogo."

Tulikula. Alinionyesha pamba yake, mstari kwa mstari, na nikaona ananitembeza kama mwenyeji. Niliporudi niliiambia kamati kwamba kuanzia siku hiyo, katika kila kaya tutakayotembelea, swali la kwanza litakuwa mtu anataka nini. Tulibishana sana. Mwishowe wakakubali.

Sasa nimestaafu, naishi Pasiansi, na wanangu wananisihi nitulie. Siwezi. Ninyi mnaoishika kazi hii leo, foleni ya mlangoni itawachosha na kuwaridhisha kwa pamoja, lakini mwangalieni pia aliyekuwepo jana na leo hayupo. Mimi hata kanisani Jumapili macho yangu yanatafuta benchi lenye nafasi. Mahubiri yanaendelea, nami nawaza nani alikuwa akikaa pale. Ibada ikiisha, wenzangu wanabaki kusalimiana uwanjani. Mimi huwa nimeshashika njia, naenda kupiga hodi.